Nyongeza haipunguzi mshahara
Wapo wafanyakazi, wasomi wakiwemo, wanaoiogopa nyongeza ya mshahara wakidhani kwamba ikiwavusha shilingi milioni moja kwa mwezi, serikali itakata asilimia 30 ya mshahara wote. Si kweli hata kidogo. Tanzania Bara, kodi ya Lipa Kadiri Unavyopata hukatwa kwa ngazi, na kila kiwango hugusa sehemu yake tu: 270,000 za mwanzo haziguswi, zinazofuata hadi 520,000 hukatwa asilimia 8, halafu 20, halafu 25. Mwenye mapato ya 1,000,000 yanayotozwa kodi hulipa 128,000. Akiongezwa 50,000, asilimia 30 huangukia hizo 50,000 tu; kodi hupanda kwa 15,000, naye hubaki na 35,000 za ziada. Nadhani hofu hii hutokana na kazi ya pili, ambako mwajiri hukata asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza. Hilo ni suala jingine. Inauma kuona mtu aliyetoka jasho akisitasita kupokea haki yake kwa sababu ya hesabu ambayo hakuna aliyemfafanulia. Waajiri, wekeni mchanganuo wa ngazi hizi kwenye hati ya mshahara.