Amri ya Katibu na Lango la Ipoh

Si jambo la nadra kumsikia askari akisema kwamba mambo ya maofisini hayamhusu, kwamba kazi yake ni kupokea amri na kuitekeleza basi. Sisi hatukubaliani na maneno hayo. Amri haidondoki kutoka mbinguni. Hutoka katika ofisi fulani, ikatiwa sahihi na mtu fulani, na mtu huyo ama anayo mamlaka ya kuitoa ama hana. Kwa sababu hiyo tumeonelea leo tuitazame ofisi moja ya nchi ya mbali, Malaysia, ambako mwaka 2009 polisi walijikuta wakilinda lango lililofungwa, huku watu wawili wakidai, kila mmoja kwa hoja zake, kuwa yeye ndiye mkuu halali wa serikali.

Malaysia ni shirikisho la majimbo 13, mbali na maeneo 3 yaliyo chini ya serikali kuu moja kwa moja. Majimbo 9 yana wafalme wa kurithi, wengi wao wakiitwa Sultani. Manne yaliyobaki, yaani Penang, Melaka, Sabah na Sarawak, yana magavana. Katika majimbo ya wafalme, mkuu wa serikali anayetokana na Bunge la Jimbo huitwa Menteri Besar, maana yake Waziri Mkubwa. Jeshi na polisi si vya jimbo. Mkuu wa polisi wa jimbo huwajibika kwa Inspekta Jenerali aliyeko Bukit Aman, Kuala Lumpur. Jimbo limeachiwa ardhi, misitu, serikali za mitaa na mambo ya dini ya Kiislamu. Msomaji asiidharau orodha hiyo kwa ufupi wake, maana palipo na ardhi hapakosi mgogoro.

Shughuli zote hizo hupitia mlango mmoja, nao ni Ofisi ya Katibu wa Serikali ya Jimbo. Kwa Kimalay katibu ni setiausaha, neno lililoungwa kwa maneno mawili yenye maana ya uaminifu na juhudi. (Na askari kwao ni askar, Kiarabu kimetugawia sote.) Katibu huyu hachaguliwi na wananchi, wala haondoki na chama kinaposhindwa. Ni mtumishi wa umma aliyepanda ngazi kwa miaka mingi, na chini yake wapo manaibu, kwa kawaida mmoja wa utawala na mwingine wa maendeleo. Maafisa wa wilaya humtazama yeye kama mkuu wao.

Tuchukue mfano wa mtu anayeomba kipande cha ardhi ya serikali. Maombi yake huanzia ofisi ya ardhi ya wilaya, yakapimwa na kuandikiwa maelezo, kisha yakapanda hadi makao makuu ya jimbo ili yafikishwe mbele ya Baraza la Utendaji analoliongoza Menteri Besar. Ofisi ya Katibu ndiyo inayotayarisha karatasi za kikao, ndiyo inayoandika yaliyoamuliwa, na ndiyo inayoyarudisha maamuzi kwenye idara na wilaya yakatekelezwe. Katibu mwenyewe huketi katika Baraza hilo, pamoja na Mshauri wa Sheria na Afisa wa Fedha wa jimbo. Wanasiasa huamua, lakini kalamu na faili vimo mikononi mwake, na pia funguo za jengo. Funguo hizo tutazirudia.

Kwa wenye kuvaa sare, desturi hii ina historia inayotuhusu. Wakati wa Hali ya Hatari ya Malaya, kati ya 1948 na 1960, Waingereza walipambana na wapiganaji wa Kikomunisti waliokuwa msituni. Mwaka 1950, kwa mpango wa Luteni Jenerali Briggs, ziliundwa kamati za vita za majimbo na za wilaya. Katika kamati hizo walikaa meza moja kamanda wa jeshi, mkuu wa polisi na mtawala wa kiraia. Na aliyekalia kiti cha mwenyekiti alikuwa raia. Wazee wetu wa King's African Rifles, wakiwamo wale wa Batalioni ya Tatu ya Kenya, walipigana katika misitu hiyo mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Desturi hiyo ya meza moja haikufa baada ya vita. Agizo Na. 20 la Baraza la Usalama wa Taifa, la mwaka 1997, lilimweka Katibu wa Jimbo kuwa mwenyekiti wa kamati ya maafa ya jimbo, na Afisa wa Wilaya kuwa mwenyekiti wilayani. Mafuriko yakija, askari hujua nani anaita kikao.

Mashine hiyo huenda vizuri kabisa maadamu anajulikana bwana mkubwa ni nani. Katika jimbo la Perak mwaka 2009 hakujulikana.

Bunge la jimbo hilo lina viti 59. Katika uchaguzi wa 2008 muungano wa upinzani ulipata 31, Barisan Nasional iliyotawala nchi nzima ikapata 28. Mwanzoni mwa Februari 2009 wabunge 3 waliuacha upande wa serikali ya jimbo. Menteri Besar, Nizar Jamaluddin, akamwomba Sultani Azlan Shah alivunje Bunge. Sultani alikataa, na tarehe 6 Februari akaapishwa Zambry Abdul Kadir. Nizar akasema bado yeye ndiye. Spika naye, V. Sivakumar, aliyekuwa upande wa Nizar, akaitisha kikao cha dharura tarehe 3 Machi. Ukumbi wa Bunge umo katika jengo lile lile la makao makuu ya serikali mjini Ipoh. Kwa amri ya Katibu, lango likafungwa, polisi wakasimama mbele yake, na wabunge wakafanya kikao chao nje, chini ya mti.

Tunajua hoja ya upande wa Katibu: kwamba kikao hakikuitishwa kwa idhini ya Sultani. Tunajua pia kwamba Mahakama ya Shirikisho, tarehe 9 Februari 2010, ilimpa haki Zambry. Hata hivyo mahakama ilijibu swali la nani ni Menteri Besar. Kama kikao cha Bunge ni halali au si halali ni suala la Bunge lenyewe na la mahakama. Halikuwa suala la mtunza funguo. Kwa maoni yetu Katibu alivuka mpaka wa kazi yake siku ile, hata kama nia yake ilikuwa utulivu.

Na polisi je? Konstebo aliyesimama langoni hatumlaumu. Hakuwa na njia ya kungoja hukumu ya mwaka ujao. Lakini juu yake alikuwapo kamanda, na juu ya kamanda wakubwa wengine, ambao kwa sheria hawako chini ya Katibu hata kidogo. Hao ndio waliopaswa kuuliza: mbele ya mlango wa Bunge, Katibu anatuamuru kwa mamlaka gani? Tarehe 7 Mei Bunge lilipokutana tena, Spika alikokotwa nje ya ukumbi. Jambo la namna hiyo haliwajengei polisi heshima, katika nchi yoyote ile.

Kiini cha tatizo tunakiona katika namna makatibu wanavyopatikana. Johor, Kedah, Kelantan na Terengganu wana utumishi wao wenyewe, na Sabah na Sarawak vilevile. Katika majimbo mengine, kama Perak na Selangor, Katibu hutoka katika utumishi wa serikali kuu. Vyama vikiwa tofauti, mtu huyo anatumikia Menteri Besar wa chama hiki huku maisha yake ya kazi yakiwa mikononi mwa serikali ya chama kile. Januari 2011 Selangor ilipata Katibu mpya ambaye Menteri Besar wake, Khalid Ibrahim, hakumtaka. Aliapishwa mbele ya Sultani tarehe 6. Mwezi huo huo serikali ya jimbo ikajaribu kubadili katiba yake ili irudishiwe sauti katika uteuzi huo, ikakosa theluthi mbili za kura. Katibu na Menteri Besar wakabaki katika jengo moja, na faili ziliendelea kupita kati yao.

Perak yenyewe ilipata mtihani mwingine. Tarehe 4 Desemba 2020 Menteri Besar wa wakati huo, Ahmad Faizal Azumu, alitaka kura ya imani. Safari hii Bunge liliketi ukumbini mwake. Waliomkubali walikuwa 10, waliomkataa 48, na kura 1 iliharibika. Kesho yake alijiuzulu, na tarehe 10 mrithi wake, Saarani Mohamad, akaapishwa.