Mlango wa Mahakama Hauombewi Kibali

Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliundwa mwaka 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Wapo wanaodhani kuwa chombo hicho ni cha wanasheria wa Dar es Salaam tu, na kwamba hakimhusu mkazi wa Songosongo au wa Kilwa Kisiwani. Dhana hiyo si sahihi.

Hadi mwaka 1993, mwananchi aliyetaka kuishtaki Serikali alilazimika kwanza kupata kibali cha Serikali hiyo hiyo. Wahenga walikwisha kutuonya kuwa kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere. Katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa sharti hilo linakwenda kinyume cha Katiba, kwa kuwa linamzuia mtu kufika mahakamani na kusikilizwa. Haki za raia ziliandikwa katika Katiba mwaka 1984, lakini ilihitajika hukumu ili mlango huo ufunguke.

Hatusemi kwamba Mahakama ni mpinzani wa Serikali. Mwaka 2010, katika shauri la mgombea binafsi, Mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba suala hilo ni la Bunge. Kila mhimili una mipaka yake, na kuiheshimu ndiyo nidhamu ya utawala.

Kibali kimeondoka, lakini safari bado ni ndefu. Sheria inadai notisi ya siku 90 kabla ya kuishtaki Serikali, na tangu mwaka 2020 halmashauri nazo zimo katika utaratibu huo. Kwa mvuvi aliyekamatiwa nyavu zake, siku 90 bila nyavu ni siku 90 bila riziki.

Kwa hiyo tunawakumbusha watumishi wa umma kwamba notisi si ruhusa ya kulala. Siku hizo zimewekwa ili malalamiko yachunguzwe na, penye kosa, haki itendeke bila kesi. Afisa anayechukua mali ya mtu na atoe sababu na stakabadhi kwa maandishi. Nao wananchi wa visiwani watunze karatasi zao, na wautafute msaada wa kisheria uliowekewa sheria yake mwaka 2017.

Madaraka ni amana. Aliyeyatumia kwa haki hana sababu ya kuiogopa mahakama.