Mafunzo ya ushirika yafike kwenye mizani

Naunga mkono kozi fupi kwa maofisa ushirika, ila zisiishie ukumbini Moshi mjini. Elimu hii si ngeni Kilimanjaro: chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU, kilianza 1933, Chuo cha Ushirika kikafunguliwa 1963, na tangu 2014 ni chuo kikuu kamili. Panapopwaya ni kwenye mizani ya AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima. Mkulima analeta kahawa ya maganda, karani anaandika kilo na malipo ya awali. Malipo ya pili yakija miezi kadhaa baadaye, mwanachama anakuta makato asiyoyaelewa wala hana wa kumweleza. Ofisa aliyefundishwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 bila kulifungua daftari la mapokezi hatamsaidia mkulima huyo.

Watasema kufundishia vijijini ni gharama, na tena wajumbe wa bodi za AMCOS hubadilika kila uchaguzi, mafunzo yakaondoka nao. Gharama ipo, sikatai. Lakini wajumbe wakiondoka wanachama wanabaki, kwa hiyo wanachama ndio wa kufundishwa kusoma hesabu zao. Tume ya Maendeleo ya Ushirika ianzie hapa wilayani Hai, Bomang'ombe na AMCOS za juu mlimani, msimu ujao wa kahawa, daftari likiwa wazi mezani.