Acheni kuandika /dev/sda2, jamani!

Wadau, leo nimeamka vibaya, mtanisamehe.

Kuna kisima cha pampu ya sola huko Hadado, Kaunti ya Wajir. Pembeni pana kikompyuta cha Linux kinachopima maji ya tangi na kuwasha pampu. Betri ni chovu, kwa hiyo usiku kinazimika, na jua likitoka kinawaka chenyewe. Kerneli iko kwenye memori kadi, mfumo uko kwenye diski ya USB. Aliyekitengeneza (simtaji) aliandika kwenye mstari wa kuwashia: root=/dev/sda2 rootwait.

Siku moja kijana anayetunza pampu alichomeka flashi kunakili rekodi za mwezi, akaisahau pale pale. Asubuhi mashine haikuwaka. Tangi tupu, ngamia wanasubiri, simu zinapigwa hadi Nairobi. Kijana akaambiwa kaiharibu. Mtaalamu mwingine akasema ni joto. Joto!

Kerneli hugawa majina hayo kadiri inavyogundua vifaa: wa kwanza sda, wa pili sdb. Haijawahi kumwahidi mtu kwamba diski ya jana itakuwa sda leo. Flashi iliwahi, ikachukua jina. Ilikuwa na patisheni moja tu, kwa hiyo sda2 haikuwepo, na rootwait maana yake ni "ngoja mpaka ije". Ikangoja. Ingengoja hadi kiama. Tiba ilikuwa kuchomoa flashi na kuwasha upya.

Najua mtakachosema: "Mimi natumia sda miaka kumi, haijanisumbua." Bila shaka, mezani kwako kuna diski moja na skrini. Hadado hakuna skrini.

Endesha blkid, nakili PARTUUID, uandike root=PARTUUID=5f3a91c2-02 (weka yako, si hii yangu!). Mfumo rasmi wa Raspberry Pi unafanya hivyo tangu 2017, kwa hiyo msiniambie ni mambo ya wasomi. Usikimbilie root=UUID= kama huna initramfs: UUID ya kawaida imo ndani ya mfumo wa faili, na kerneli peke yake haiitafuti huko. PARTUUID inaisoma yenyewe kwenye jedwali la patisheni. Na /etc/fstab nayo uibadilishe, watu huisahau.

Wa mmcblk nao msijifiche. Tangu kerneli 5.10 unaweza kuzifunga namba hizo kwa aliasi za divaisi-trii, lakini USB haimo.

Hata PARTUUID ina mtego wake. Ukinakili diski kwa dd, kitambulisho kinanakiliwa pia. Chomeka pacha hao wawili kwenye mashine moja, umerudi kwenye bahati nasibu. Badilisha cha nakala kwanza.

Herufi kumi na moja, wadau. Kijana wa Hadado bado hajaombwa radhi.