Kutu Inayoimba

Juzi nilikuwa Ndia Kuu, Mombasa, kwa kaka yangu. Tulikuwa tukisikiliza kaseti ya arusi yake, yenye vigelegele vya marehemu mama yetu, mara utepe ukakatika. Mwanawe wa kidato cha tatu akatazama ule weusi-wekundu uliomganda vidoleni.

"Ami, hii kutu ndiyo inayoimba?"

Hakukosea sana. Utepe wa kaseti hupakwa oksidi ya chuma, ndugu wa kutu, na sauti huandikwa humo kwa sumaku. Lakini ziko oksidi za ajabu zaidi, ziitwazo manganiti, ambazo sumaku hubadilisha hata ukinzani wake wa umeme.

Ndani yake elektroni huruka toka atomi moja ya manganizi hadi nyingine, zikipitia oksijeni iliyo kati. Sumaku ndogo za atomi zikielekea upande mmoja, njia ni nyeupe. Zikitazama ovyo, elektroni hukwama. Ukileta sumaku ya nje ikazipanga, ukinzani hushuka. Mwaka 1994 Jin na wenzake wa maabara ya Bell, Marekani, walionyesha utando mwembamba wa manganiti ukishusha ukinzani zaidi ya mara elfu. Ila ulihitaji baridi ya nyuzi 196 hivi chini ya sufuri na sumaku ya tesla 6, inayoishinda ya dunia zaidi ya mara 100,000. Nani ataitia hiyo redioni?

Basi watu wakageukia kuuvuta utando wenyewe. Utando huoteshwa juu ya fuwele nyingine, na atomi zake hulazimika kufuata nafasi za mwenyeji. Manganiti yenye kalisi ina hatua ya nanomita 0.386 hivi; titaneti ya strontiamu, 0.3905. Chukua chandarua cha kitanda chembamba ukitandaze juu ya kitanda kipana: kinatanuka pembeni, kimo kinapungua, vitundu vinageuka umbo. Tofauti ni kama asilimia moja tu, lakini inabadili urefu na pembe za ile njia ya elektroni, na joto ambalo sumaku hufanya kazi yake vizuri huteremka. Utando ukinenepa, hulegea na kurudia umbo lake. Mimi anayenisifia utando bila kunitajia fuwele ya chini na unene wake, simsikilizi.

Kaseti tuliiunga. Ubeti mmoja umepotea. Vigelegele vya mama vipo.