Na yule mwanamume alikuwa wapi?



Sura ya 8 ya Injili ya Yohane yatuonyesha mwanamke aliyefumaniwa katika uzinzi, akiletwa mbele ya Bwana ili apigwe mawe. Kitabu cha Walawi kiliwahukumu wote wawili, mwanamume na mwanamke. Lakini aliyeburutwa hadharani ni mmoja. Yule mwanamume alikuwa wapi? Swali hilo latuhusu sisi Wakongo.

Sheria yetu ya Jamaa ya mwaka 1987, katika kifungu cha 467, ilimwadhibu mke kwa kila uzinzi, bali mume pale tu ambapo kosa lake lilihesabiwa kuwa tusi zito. Tena kifungu cha 450 kilimzuia mke kusimama mahakamani katika kesi ya madai bila idhini ya mumewe, isipokuwa kwa nafasi chache. Ilibidi tungoje hadi Julai 2016 ndipo vifungu hivyo virekebishwe.

Wako wanaotuambia: “Sheria imebadilika, mwataka nini tena?” Twawajibu: sheria hubadilika kwa siku moja, mazoea hubaki yameketi katika kiti cha hakimu. Tangu 2006 sheria yakataza kupima ukweli wa mwathirika wa ubakaji kwa mwenendo wake wa zamani. Je, nani amehakikisha kwamba swali hilo haliulizwi tena?

Wengine husema kuwachunguza mahakimu ni jambo la kigeni. Basi na wasome sura ya 13 ya Danieli. Susana alihukumiwa kufa kwa sababu waliomshtaki walikuwa wazee na waamuzi, na mkutano ukaamini cheo chao. Danieli alipaza sauti kuipinga hukumu hiyo. Aliwatenga, akamwuliza kila mmoja swali lile lile, akalinganisha majibu. Huo ndio uchunguzi, nao umo katika Maandiko yetu.

Lakini tusiwatupie mahakimu mzigo wote. Sisi walei, tunaopokea Komunyo siku ya Dominika, ndio tunaoketi katika baraza la ukoo na kupokea mbuzi ili mashtaka ya msichana yafe kimyakimya. Upendeleo huanzia nyumbani kwetu kabla haujafika mahakamani.

Kwa hiyo twazisihi Tume za Haki na Amani za parokia zetu: zichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wahudhurie vikao vya mahakama ya amani iliyo karibu. Katiba, katika kifungu cha 20, yasema vikao ni vya hadhara, isipokuwa mahakama ikiamua vinginevyo. Waandike katika daftari, bila kutaja majina: mwanamke aliulizwa nini, mwanamume aliulizwa nini, nani alikatizwa, kesi iliahirishwa mara ngapi, hukumu ikawaje. Baada ya mwaka, daftari hilo lipelekwe kwa mahakimu wenyewe kwa heshima. Hakimu mwadilifu hataliogopa. Asiye mwadilifu atajua kwamba anaonwa.

Mjane wa Injili ya Luka alimwendea hakimu dhalimu mara nyingi, wala hatusikii kwamba jirani yeyote alimsindikiza. Mjane wa parokia yetu asiende peke yake.