SAKAFU SAFI SI HEWA SAFI



Kila mara chama kinapoonana na matajiri juu ya karakana za maseremala, neno la vumbi halikosi kutajwa. Twadai mashine za kuvuta vumbi, tena twadai kwa haki, maana Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwenye mahali pa kazi awakinge watu wake na vumbi la kudhuru. Juu ya jambo hilo hatuna ubishi kati yetu.

Lakini wako wenzetu wengi wa reli ambao zamu ikiisha huenda nyumbani kuanza zamu ya pili. Karo ya watoto haingoji, kwa hiyo nyuma ya nyumba pana banda la mabati, msumeno wa umeme, randa ya umeme, na wateja wanaongojea vitanda na makabati yao. Kazi hiyo ni ya heshima, nasi twaisifu. Neno letu ni hili: katika banda hilo tajiri ni wewe na mfanya kazi ni wewe, na sheria ile ile yawahusu hata wanaojiajiri. Anayemdai tajiri wa mchana, yafaa amdai na yule wa jioni.

Mwenzetu mmoja atajibu, “Mimi nimekwisha nunua mashine ya kuvuta vumbi.” Vema sana. Lakini mashine hiyo isipotumiwa sawasawa humdanganya mwenyewe. Huvuta maranda na vipande, sakafu ikapendeza, naye akadhani hatari imekwisha. Kumbe vumbi linaloonekana si lile baya zaidi. Chembe kubwa huanguka chini au hukwama puani. Chembe ndogo kupita sehemu 10 za elfu moja za milimita huweza kushuka mpaka mapafuni, na ni nyembamba hivi kwamba unene wa unywele mmoja ni kama mara saba yake. Hizo huelea hewani kwa muda mrefu baada ya msumeno kunyamaza, nawe wazivuta huku ukijisifu kwa usafi wa banda.

Haya si maneno ya kutisha watoto. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Uingereza waliona ya kuwa mafundi wa samani wa mji wa High Wycombe na sehemu za karibu walikuwa wakipata saratani ya ndani ya pua kuliko watu wengine. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba vumbi la mbao husababisha saratani kwa binadamu. Ugonjwa huo huchukua miaka mingi kujitokeza, ndiyo sababu kijana haamini. Pumu haingoji hivyo. Mvule, mbao tunayoipenda kwa milango, vumbi lake lajulikana kwa kuwasha ngozi na kubana kifua.

Tupime kwa hesabu. Uingereza yaruhusu miligramu 3 tu za vumbi la mbao ngumu katika kila meta moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa siku ya kazi ya saa 8. Banda la meta 3 kwa 4, lenye kimo cha meta 2 na nusu, lina meta 30 za hewa. Basi kiasi chake ni miligramu 90. Kijiko cha chai cha sukari kina uzito wa gramu 4 hivi. Gawanya kijiko hicho mara 40 na zaidi, na fungu moja tu laweza kujaza banda zima mpaka kikomo.

Wengine husema, “Babu zetu walikuwa maseremala, na vumbi halikuwaua.” Babu zetu walisukuma randa kwa mikono, na randa ya mkono hutoa maranda marefu. Mashine ya msasa inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika hutoa unga. Chombo kimebadilika, na kinga lazima ibadilike.

Kwa hiyo twawaomba wenzetu wenye mashine hizo washike mambo haya:

Kwanza, washa mashine ya kuvuta kabla ya kukata, na ukimaliza uiache izunguke dakika chache.

Pili, bomba liwe fupi, pana na lililonyoka. Kila kona hupunguza nguvu, na mpira wenye mikunjo hupunguza zaidi kuliko bomba laini. Mashine moja ikihudumia vyombo viwili, funga mlango wa bomba la chombo kisichofanya kazi.

Tatu, mdomo wa bomba uwe pale pale vumbi linapozaliwa. Ukikaa mbali hata kwa urefu wa mkono, vumbi limekwisha toroka.

Nne, tofautisha kazi. Randa ya umeme yataka mashine ya bomba pana inayovuta hewa nyingi. Msasa wa umeme wa mkononi wataka ile ya mpira mwembamba yenye mvuto mkali na chujio la vumbi jembamba.

Tano, angalia mfuko. Mfuko wa kitambaa chepesi hushika maranda na kurudisha unga hewani, na hapo mashine yageuka kipulizo. Tafuta chujio zuri, au ukiweza uweke mashine nje, mbali na dirisha la jirani na mahali watoto wanapocheza. Mwaga kabla haujajaa, na umwage nje ukiwa umevaa barakoa.

Sita, usifagie vumbi kavu wala kulipuliza kwa hewa ya kompresa. Usivute misumari, vipande vya chuma wala majivu ya sigara, kwa maana cheche moja ndani ya mfuko wa unga wa mbao yaweza kuteketeza banda na nyumba.

Barakoa nzuri yenye kukaa sawa usoni ni msaada, lakini haiondoi vumbi hewani. Mke anayeleta chai na mtoto anayekuja kutazama hawana barakoa. Na fundi asiye na fedha za mashine apige msasa nje, upepo ukitoka ubavuni ili uchukue vumbi mbali na uso wake, avae barakoa, na afute kwa kitambaa kibichi.

Twajua mashine ni ghali. Ndiyo maana twapendekeza kila tawi lizungumze jambo hili katika mkutano wake ujao, na wanachama watano au sita wenye mabanda wanunue pamoja kwa mkopo wa sako yao. Maseremala wa karakana waliokwisha zoea mashine hizo wawafundishe wengine Jumamosi moja. Chama kinapigania malipo ya uzeeni ya kila mmoja wetu. Twataka mwanachama ayafikie akiwa na pumzi ya kuyala.